Je, Lazima Aseme Ndipo Tumsaidie?

Jumapili iliyopita tulihubiriwa kutoka Marko mlango wa 5, na wengi wetu tulienda nyumbani tukimwaza yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Mimi nilienda nikimwaza binti wa Yairo. Nilikwama hasa kwenye maneno ya mwisho ya mlango ule, ambayo huwa tunayasoma mbio kwa sababu muujiza umeshakwisha na watu wanaanza kutafuta mikoba yao. Mchungaji ameniambia niandike kilichonisumbua. Naandika kama mshirika anayeongoza ushirika wa nyumbani, si kama mwalimu wa Neno, kwa hiyo nikikosea mnirekebishe kwa upendo.

Hebu angalia mlango ule vizuri. Yesu anawasaidia watu watatu, na kila mmoja anamwachilia kwa njia yake. Yule aliyekuwa akiishi makaburini anataka kupanda mashua amfuate, lakini anaambiwa arudi kwao akawasimulie watu wake. Yule mwanamke anapona kimya kimya katikati ya umati, halafu Yesu anasimama na kuuliza ni nani amemgusa. Binti wa Yairo naye anafufuliwa ndani ya chumba. Waombolezaji wote wametolewa nje, wamebaki wazazi na wanafunzi watatu tu. Kisha Yesu anakataza vikali habari ile isitoke, na anasema msichana atafutiwe kitu cha kula.

Mmoja anatumwa akaseme, mwingine anaitwa ajitokeze, wa tatu anafichwa na kulishwa. Swali langu ni hili, na linawahusu wenzetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao tunakaa nao benchi moja hapa Lucky Summer kila Jumapili: je, lazima mtu atuambie ana nini ndipo tumsaidie? Na akinyamaza, ametudanganya?

Sisi watu wa Roho tunapenda ushuhuda. Mtu akipata kazi, anasema. Akipona tumbo, anasema. Hata akipata viza ya Qatar anapewa maikrofoni. Kwa hiyo mtu akibeba jambo zito miaka mitano bila kulileta mbele, tunahisi kana kwamba ametunyima kitu chetu. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema kwamba anayeficha bado hajafunguliwa. Siku hiyo niliitikia Amina, tena kwa sauti.

Wacha sasa niseme nilichofanya mimi.

Kuna dada alikuwa katika ushirika wetu. Ameniruhusu kuandika haya, ameyasoma kabla hayajachapishwa, na mambo kadhaa nimeyabadilisha. Kama tayari umeanza kuhesabu kwa vidole ni nani, tafadhali simama hapo hapo, kwa sababu makala hii nimeiandikia hicho kidole.

Kabla hajaniambia habari zake, aliniambia habari za binamu yake. Binamu yuko mashambani, ana virusi, ameanza dawa, sijui watu wa kanisa lake watamchukuliaje. Aliniuliza hivyo tukichambua sukuma. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya mtihani. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba watu wengi hutafuta msaada hivyo: hawaanzi na neno lenyewe. Wanaleta binamu. Wanaomba unga wa kuazima waone uso wako utakaaje. Wanasikiliza unavyomcheka jirani aliyekonda. Ukitoa ule mzaha wako kwenye ushirika, kuna mtu ameketi kando yako ambaye amepata jibu lake na hatakuuliza tena.

Mimi nilifaulu mtihani wa binamu. Wiki mbili baadaye, baada ya kesha, akaja nyumbani akaniambia ukweli. Alikuwa anameza dawa karibu mwaka mzima. Mwenye nyumba alikuwa amemwekea kufuli mlangoni, na ile dawa ya wakati huo, akiimeza bila kula, inamzungusha kichwa. Alikuwa anaomba vitu viwili: chakula, na mtu wa kujua.

Chakula nilimpa. Halafu usiku nikaandika kwenye grupu yetu ya maombi ya WhatsApp kwamba tumsimamie katika roho dada mmoja wa upande wa Ngomongo, mama wa watoto wawili, ambaye yuko kwa dawa za maisha na adui anapigana naye kwa nyumba. Sikuweka jina. Nilijiona nimemficha vizuri sana. Lakini enyewe, ni kina mama wangapi wa upande wa Ngomongo, wenye watoto wawili, waliokuwa wamefungiwa nyumba wiki ile? Kufikia saa sita mchana habari ilikuwa imefika kwa kioski ya maji.

Nataka muone kilichofuata, kwa sababu tunafikiri unyanyapaa huja na matusi. Hakuna aliyemtukana. Jirani aliyekuwa akimwachia mtoto akienda kibarua alimpata mtu mwingine wa kumwachia. Wateja wake wa mandazi wakaanza kusema wameacha kula mafuta. Ndugu mmoja wa grupu, kwa nia njema kabisa, alimpigia simu akamwambia ule mkebe wa dawa ndio ushahidi kwamba hajaamini. Mkebe wenyewe alikuwa akiujaza pamba ili vidonge visigongane, kwa maana katika zile ploti za mabati jirani anasikia hata ukigeuka kitandani. Akahama ploti. Akaacha kuja kanisani. Akaacha kliniki pia, kwa sababu alikuwa anaogopa kukutana na mmoja wetu kwenye foleni. Alikaa karibu miezi minne bila dawa, na kifua kikuu kikamkuta hapo. Leo yu hai na ana nguvu. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wauguzi ambao hawakumuuliza alikuwa wapi.

Mimi sikumsengenya, niliomba. Na hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo, kwamba nilimdhuru nikiwa nimepiga magoti. Ombi likishataja mtaa, idadi ya watoto na aina ya dawa, Mungu hajaongezewa habari yoyote. Walioongezewa ni sisi.

Turudi kwa swali la udanganyifu. Kudanganya ni kumwaminisha mtu jambo la uongo wakati ana haki ya kujua ukweli wake. Kwa hiyo kwanza tuulize nani ana haki. Mume au mke ana haki. Mchumba unayetaka kufunga naye ndoa ana haki, na hapo sina upole wowote, kwa sababu ni mwili wake na maisha yake. Daktari anapaswa kujua ili asikupe dawa zinazogombana. Sisi wengine tuliobaki, kwaya, kamati ya maua, jirani wa chini na mimi mwenyewe, tuna hamu ya kujua. Hamu si haki, hata ikiwa na Biblia mkononi.

Na kwa kuwa nimetaja wachumba: makanisa mengi hapa Nairobi yanadai karatasi ya kipimo kabla ya kutangaza harusi. Nia naielewa, tumezika wengi. Lakini sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa kama sharti la kuoa au kuolewa, na inakataza kutoa majibu ya mtu bila idhini yake ya maandishi. Kuna hata baraza maalum la kusikiliza malalamiko ya namna hiyo. Wahimizeni wale wawili waende pamoja, wakae chini ya mshauri, waambiane. Karatasi yao isilale kwenye droo ya kamati. (Mchungaji ameisoma aya hii na hakuifuta. Namshukuru.)

Mtu atasema, lakini tukikosa kujua tutaambukizwa. Tuambukizwe na nini? Virusi hivi havipiti kwenye mandazi, wala kwenye kikombe, wala kwa kumbebea mtu mtoto. Na kwa upande wa ndoa, kuna utafiti uliotangazwa mwaka 2011, uliofuata wapenzi zaidi ya 1,700 ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, katika nchi tisa, Kisumu yetu ikiwemo. Ulionyesha kwamba dawa zikianzwa mapema, maambukizi kwa mwenzi yanapungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Kwa hiyo anayemfanya mtu aache dawa, awe anamcheka au anamkemea kwa jina la imani, ndiye anayeleta hatari mtaani. Tunaamini uponyaji, mimi pia naamini. Lakini tunakumbuka mwaka 2011 magari yalivyotoka hapa kwetu hadi Loliondo, Tanzania, watu wakanywe kikombe cha Babu kwa shilingi 500 za kule. Wako waliorudi wakaacha dawa wakisema wamepona. Kumeza kidonge si kumkana Bwana.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili, na ni ya kweli. Kama kila mtu angenyamaza, tungekuwa wapi? Kisa cha kwanza Kenya kiliripotiwa mwaka 1984, na kwa miaka mingi ugonjwa huu ulikuwa wa kunong'onezwa. Akatokea Joe Muriuki, mfanyakazi wa Baraza la Jiji, akasimama mbele ya taifa akasema anao. Aliishi hadi mwaka 2022. Akatokea Asunta Wagura, aliyekuwa akisomea uuguzi alipopimwa, na mwaka 1993 yeye na wanawake wenzake wachache wakaanzisha KENWA, shirika la wanawake wanaoishi na virusi. Uganda, mchungaji wa Kianglikana Gideon Byamugisha alipoteza mke wake mwaka 1991, mwaka uliofuata akajua hali yake mwenyewe, na hakuificha. Alibaki katika utumishi. Wapo wachungaji Afrika nzima waliopata kupumua kwa sababu yake.

Hao tuwaheshimu. Lakini walichotoa ni sadaka, na sadaka haitozwi kama kodi. Muriuki alisema wakati hakuna wa kumshika mkono, ndiyo maana tunamkumbuka. Huwezi kudai kila mama wa mandazi awe Muriuki ndipo apate unga wa kilo mbili.

Na wengi wao, ukifuatilia, walishikwa kwanza ndipo wakasema. TASO ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake baada ya mume wake kufariki, ilianza kama kikundi kidogo tu cha watu wa kufarijiana, wengi wao wakiwa wagonjwa. Walipata pa kulia kabla ya kupata pa kuhutubia. Sisi tumegeuza: sema kwanza, halafu tutaona.

Hata yule mwanamke wa miaka 12, ambaye tunamtumia kuwahimiza watu wasimame mbele, msome tena. Alipoitwa alikuwa ameshapona. Msaada ulikuwa umeshamfikia. Tena Yesu hakusema mbele ya umati ugonjwa wake ni upi. Aliuliza, akatazama, akangoja. Ni yeye mwenyewe aliyekuja, akitetemeka, akasimulia yake. Na Yesu akamwita binti, mbele ya watu waliokuwa wakimkwepa miaka yote hiyo. Mimi ningekuwa pale, nadhani ningemwonyesha kwa kidole nikidhani namsaidia Bwana.

Mwaka jana huo wa 2025, mtajua kilichotokea. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na washauri wengi na kina mama waliokuwa wakilipwa na miradi ile wakatumwa nyumbani. Hao ndio waliokuwa wakikupigia simu ukikosa siku yako ya dawa. Katika vituo vingi ile kliniki ya kando ikaunganishwa na foleni ya kila mtu. Dawa zenyewe ziliendelea kuwepo, lakini yule mtu wa kukuita kwa jina akaondoka.

Yule dada akaniletea miguu yake mlangoni, baada ya miaka hiyo yote. Nilikuwa nimeshamwomba msamaha zamani, kwa simu, na alikuwa amesema sawa, ile sawa ya kufunga mazungumzo. Sasa aliniambia kwamba kliniki inamtaka aandike jina la mtu wa kumsaidia katika matibabu, na mshauri wake hayupo tena. Anaweza kuandika langu?

Nikamuuliza, "Mbona mimi? Kati ya watu wote?"

Akasema, "Mama, wewe unajua tayari. Na ulishaona mdomo wako ulifanya nini. Huyo mwingine bado hajaona."

Sikupata la kujibu. Nikampa nambari ya kitambulisho aandike.

Kazi yenyewe ni ndogo hadi inachekesha. Kila usiku saa tatu akimeza kidonge ananiflashi. Simu inalia mara moja inakata, hatuongei. Ikifika saa tatu na nusu kimya, napiga mimi. Siku yake ya kuchukua dawa anapita kituo cha hapa karibu, anapanda matatu mbili hadi upande wa pili wa jiji ambako hakuna anayemjua, na mimi nabaki na mtoto mdogo. Nilitaka kumwambia aache kupoteza nauli, achukue dawa hapa hapa. Nilinyamaza. Nauli ile ni bei ya ukuta, na aliyemfanya ahitaji ukuta ni mimi.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitarajia. Mimi nina presha, nyote mnajua, kwa sababu nimeisema mara nyingi na mmeniombea mara nyingi. Dawa yangu inakaa jikoni kando ya chumvi. Kidonge kimoja kwa siku, maisha yote, sawasawa na yeye. Changu nimekitangaza na hakuna aliyeacha kula kwangu. Chake amekificha kwenye mkebe wenye pamba. Tofauti haiko kwenye kidonge, wala sidhani iko kwenye imani yetu mimi na yeye. Iko kwa watu wanaotuzunguka. Na lazima niseme ukweli, nilikuwa naruka dawa yangu siku tatu, nne, nikijisikia mzima. Siku moja akapiga badala ya kuflashi, akaniuliza, "Na wewe Mama umemeza?" Sikuwa nimemeza. Tangu siku hiyo simu ikilia saa tatu tunameza wote wawili, kwa hiyo fomu ya kliniki inasema mimi ndiye msaidizi, lakini presha yangu ya mwezi uliopita inasema vingine.

Sasa nimefika kwa jambo la kanisa letu. Katika ushirika wetu wa Jumatano tumeacha kuandika maombi ya wagonjwa kwenye simu. Anayetaka kuombewa anaandika kwenye karatasi, akitaka aweke jina, asipotaka asiweke, na baada ya maombi karatasi zinachomwa kwenye jiko. Chai na viazi vipo kwa kila anayekuja. Hatuulizi.

Kuhusu mfuko wa msaada, wazee bado hatujakubaliana. Fomu ya sasa ina mstari unaosema "sababu ya kuomba", na karani anaisoma kwa sauti mbele ya kamati ya watu tisa. Nimependekeza mstari huo utolewe, kiongozi wa ushirika mmoja tu asimame kusema kwamba anamjua mwombaji na hitaji ni la kweli. Mweka hazina anasema tutadanganywa. Inawezekana. Lakini tumeshadanganywa pia na watu waliojaza sababu hadi nyuma ya karatasi, na ninamjua angalau mmoja ambaye alikuwa anahitaji, akaona ule mstari, akairudisha fomu ikiwa tupu. Kikao ni Alhamisi hii saa kumi na mbili jioni, na washirika wanaruhusiwa kuhudhuria.